Musyimi Kaloki na Foleni ya Maji ya Mutomo

Bwana Musyimi Kaloki anastaafu leo, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuuhudumia Ushirika wa Maji wa Kavingoni, hapa Mutomo, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa karani wa stoo, anaondoka akiwa msimamizi wa kompyuta.

Kazi hiyo alijifundisha mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript, akifanya mazoezi kwa mbuzi wake. Kila mbuzi alimwandikia jina na umri, kisha akaiamuru mashine iwapange kuanzia mkubwa. Mkewe, Kasiva, alitulalamikia kwamba mbuzi wamepangwa vizuri kuliko viatu vya mwenye mbuzi.

Ametuomba tusimsifu tu. Lipo jambo la ukame wa 2022 ambalo bado linamwinamisha kichwa, na ametaka lielezwe.

Zamani wanachama walipanga mitungi kituoni tangu alfajiri, na mtungi ulimshikia mwenyewe nafasi. Musyimi aliona nyumba zenye watoto wengi zinaumia. Akaandika programu iliyoweka kila nyumba kwa jina na idadi ya watu, ili lori la maji likifika nyumba kubwa zitangulie.

Hapa naomba subira kidogo. Mashine haipangi vitu vya namna hiyo mpaka uiambie ilinganishe kipi, na kwa njia gani. Idadi zile zilihifadhiwa kama maandishi, na maandishi hulinganishwa jinsi kamusi inavyopanga maneno, kwa kutazama alama ya kwanza. Kumi na mbili huanza kwa moja, basi ikawekwa nyuma ya mbili. Mbuzi hawakulifichua kosa hilo kwa sababu hakuna aliyefikisha miaka kumi.

Mama Wayua Ndeti ana watu kumi na wawili nyumbani. Kila lori lilipokuja aliitwa baada ya wazee wanaoishi wawili wawili, maji yakiwa yamekwisha. Alipouliza, Musyimi alimjibu mbele ya wote kwamba mashine haina ndugu, labda yeye akahesabu upya watu wake. Watu walicheka. Dereva wetu, Bile Abdiladif, alikisimulia kisa hicho mpaka Emali.

Musyimi aligundua kosa aliposajili nyumba mpya ya watu kumi nayo ikaangukia mkiani. Kulirekebisha kulihitaji mstari mmoja tu. Ofisini ilipendekezwa tutangaze kwamba mtandao ulisumbua. Alikataa. Kwenye mkutano wa wanachama alisimama, kofia mkononi, akasema, "Mama Wayua alisema kweli. Nilikosea mimi, na kosa langu nikamtwika yeye."

"Nimesikia, Musyimi," mama akajibu. "Lakini watoto wangu walilala na kiu, na mimi nikaitwa mwongo. Siku nikiwa na jibu nitakuja."

Hajaja. Husalimia kila mtu ofisini, mlango wa Musyimi huupita. Tangu hapo Musyimi hakuiacha programu yoyote iwapange watu kabla ya kuijaribu mbele yao, na wenzetu wa Tawa wameuiga utaratibu huo.

Juzi Musyimi mwenyewe alimpelekea mama mwaliko wa hafla hii ya kuagana. Binti wa mama, Ndunge, ametuarifu kwamba mama atafika na ataomba kusema. Tumemwachia nafasi kwenye ratiba, kabla ya chakula. Hatujui atasema nini. Musyimi ameomba amsikilize akiwa amesimama.

Asante, Musyimi, kwa kazi yako na kwa kutokubali tukufiche. Lolote litakalosemwa leo, tunakuombea pumziko jema nyumbani.