Msichana Aliyefunga Mlango Akakaa Tu

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na aliyelichonga ni Randa, ndiyo maana hata wakija wageni kumi Randa hakosi pa kukaa. Randa ni seremala. Jina lake halisi analijua mkewe na shule wanakosoma watoto. Kushoto kwake hukaa Redio, kinyozi mwenyewe, ambaye huweza kumwacha mteja na nusu ya kichwa ili atoke nje kujibu hoja. Kulia hukaa Gia Tano, aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa hana anachoendesha isipokuwa mazungumzo. Mbele yao, na jiko lake la mkaa, ni Mama Birika, anayeuza kahawa na kugawa maoni bure. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Randa alifika na kitu kwapani kimefungwa gazeti, na uso wake haukuwa wa mtu wa kutaniwa. Wakamtania hivyo hivyo.

— Randa, umeficha nini humo? Redio aliuliza. Posho?

— Kitabu.

— Kitabu! Gia Tano, sogea, msomi apate nafasi.

— Sitanii, Redio. Ni cha binti yangu mkubwa.

Akakifungua kwenye gazeti, akakiweka magotini. Kilikuwa riwaya ya vijana, jalada jeusi lenye picha ya kipande cha chuma kinachong'aa, na jina lake *Komeo*. Pembe zake zilikuwa zimelegea kwa kushikwashikwa.

— Ana wiki tatu hasemi na mimi, Randa alisema. Kwa siku ananipa maneno matatu: shikamoo, ndiyo, hapana. Na shikamoo yenyewe anaitoa akiwa ameshanipa mgongo. Muda wote ni kitabu hiki. Anakimaliza, anaanza upya. Hii ni mara ya nne.

— Ana miaka mingapi vile?

— Kumi na tano na miezi. Yuko shule, masomo ya ziada. Nimekichomoa chini ya mto wake. Saa saba anarudi, na kabla ya saa saba kiwe kimerudi mahali pake. Kwa hiyo mnisaidie, jamani. Kina nini hiki kitabu?

Hakuwaambia kilichokuwa kinamuuma zaidi. Kila Jumamosi alasiri, binti huyo ndiye aliyekuwa akimshikia ncha ya futi kule karakana, akisoma vipimo kwa sauti na kumsahihisha baba yake hesabu mbele ya wateja. Sasa Randa alikuwa akifunga ncha ya futi kwenye msumari. Msumari haukosoi mtu, na Randa alikuwa amechoka na msumari.

— Wewe umekisoma? aliuliza Mama Birika.

— Kurasa arobaini. Ni mji fulani wa siku zijazo. Serikali ya mji imepiga marufuku milango.

— Milango?

— Milango yote. Ya nyumba, ya vyumba, ya vyoo. Imechomwa moto uwanjani. Wanasema mwenye mlango ana siri, na mwenye siri ni msaliti. Watu wanakaa wazi kama walivyo. Halafu kuna msichana wa miaka kumi na sita, ameokota mlango mmoja jalalani, anauficha kwa kuufanya meza.

Gia Tano akakohoa.

— Na milango ya magari?

— Magari hayajatajwa.

— Hayajatajwa vipi? Lori lisilo na mlango, ukikata kona utingo anabaki barabarani. Huyo mwandishi hajui usafirishaji. Mimi kitabu cha namna hiyo nakifunga ukurasa wa kwanza.

— Mzee, si habari ya malori, Redio alimkatiza. Hiyo ni siasa. Hebu fikirini. Mji hauna milango, mwizi anafanya kazi gani? Hana! Anaingia, anachukua, anatoka, hata jasho halimtoki. Sasa nani anafaidika? Mwizi. Kwa hiyo nani kaandika kitabu? Mwizi.

— Mwizi gani anaandika kurasa mia tatu? aliuliza Mama Birika.

— Aliyefungwa! Jela kuna muda.

Kutoka ndani ya kibanda sauti ya mteja ikauliza kama atamaliziwa leo. Redio akajibu kwamba nywele hazina haraka.

Randa alishika tama. Alikuja na jambo moja kichwani, sasa alikuwa nayo matatu, na hakuna hata moja lililokaa vizuri.

— Mimi nadhani ni mimi, alisema.

— Wewe vipi?

— Hamwoni? Kurasa arobaini nzima, adui ni mlango. Mimi nalisha watoto kwa milango. Ukurasa wa kumi na mbili, maseremala wote wanakusanywa wanapelekwa kuchimba mitaro. Binti yangu anasoma hayo mara nne! Si ananiambia kazi yangu haina maana? Si ananionea haya?

— Sasa hapo umeongea, Gia Tano alisema kwa uzito. Mtoto akiionea haya kazi ya baba yake, huyo anataka kwenda ng'ambo.

— Ng'ambo anakwenda kufanya nini?

— Mimi nitajuaje? Mimi nimeona tu dalili.

— Dalili gani, mzee?

— Anasoma.

Mama Birika akamimina kahawa, akampa Randa kikombe.

— Nyie wanaume mna maneno. Msichana wa miaka kumi na tano, kitabu kimoja, mara nne? Humo kuna mvulana. Nipeni nitafute.

Akafuta mikono kwenye kanga, akakipekua kitabu kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Hakukuta barua, wala jina, wala moyo uliochorwa. Alikuta ukurasa mmoja tu uliokunjwa pembe, na kwenye ukurasa huo mstari mwembamba wa penseli.

— Hapa kuna mahali kapigia mstari.

— Soma, wakasema wote, hata yule wa ndani ya kibanda.

Mama Birika akasoma polepole, kidole kikifuata maneno:

— "Nilikula nikionekana, nikalala nikionekana, na mama alipougua nililia nikionekana, na jirani akaniambia nalia vibaya. Siku nilipoubandika ule mlango, nikaufunga, nikasubiri nione nitafanya nini. Sikufanya lolote. Nilikaa tu."

Mama Birika akainua kichwa.

— Endelea, alisema Redio.

— Mstari umeishia hapo.

— Umeishia hapo wapi? Amefunga mlango halafu akakaa tu?

— Ndivyo ilivyoandikwa.

— Hajatengeneza bomu? Hajaandika barua? Redio alikuwa kasimama. Mtu anahatarisha roho yake, anabeba mlango mgongoni mji mzima unamwona, anaubandika, anaufunga, halafu anakaa?

— Labda alichoka, Gia Tano alisema. Mlango mzito. Mninga ule.

— Nimepata! Redio alipiga kofi. Kukaa tu, hiyo ni lugha ya siri. Ni kundi. Vijana wa shule wamejiunga kundi, na kitabu ndicho kadi ya uanachama. Siku moja wote wataamka na kuchoma milango ya mji huu. Randa, sikiliza ushauri wa rafiki. Acha milango mapema. Uza mapazia.

— Mapazia?

— Mji usio na milango utataka nini? Mapazia! Utakuwa tajiri kabla hatujajua kilichotokea.

— Lakini kitabuni milango inachomwa na serikali, si na vijana, Mama Birika alisema.

Redio akajikuna kidevu.

— Basi binti ni wa serikali.

Randa alicheka bila kupenda. Mama Birika alikuwa bado ameshika kitabu, na hakuwa akicheka.

— Mimi hapo pa kukaa tu nimepaelewa, alisema.

— Eleza basi.

— Haielezeki. Nimeielewa tu.

— Mama Birika, hapo umezidi kutuchanganya, Gia Tano alisema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo wote walikubaliana.

Randa alikitazama kikombe chake. Alijaribu kukumbuka kosa lolote alilolitenda. Ada alilipa. Viatu vya shule vilikuwa vipya. Hakumpiga, hakumtukana, hakumkatalia kwenda popote. Alipekua moyo wake chumba kwa chumba na kila mahali akakuta ni baba mwema, na hilo ndilo lililomchanganya kuliko vyote.

Hapo akatokea mwanamke mwenye sare ya uuguzi na viatu vya raba, anatembea haraka kama watu wa hospitali wanavyotembea hata wakiwa mapumzikoni. Mikono yake ilikuwa na vumbi la mbao. Randa akamtambua. Alikuwa mteja wake wa wiki tatu zilizopita, aliyehamia nyumba isiyokamilika na kutaka mlango siku hiyo hiyo, kwa sababu jioni alikuwa na zamu na nyumba haikuweza kubaki wazi.

— Shikamoo mzee. Habari zenu jamani.

— Marahaba, Gia Tano alisema. Karibu benchi.

— Sikai. Fundi, nilikufuata karakana wakaniambia uko hapa. Ni ule mlango.

— Umepinda?

— Hapana, mlango ni mzuri. Leo nilitaka kuupaka rangi, nikaanza kuupiga msasa upande wa ndani. Nikasimamisha mkono. Karibu na bawaba kuna alama za penseli, ile penseli yenu nene. Zinapanda. Ya chini imeandikwa miaka sita, juu yake saba, juu yake nane. Urefu wa mtoto. Kuna na kiganja kidogo kimezungushiwa mstari.

Randa aliweka kikombe chini.

Aliuona mlango ule akilini, wa chumba cha binti yake. Aliung'oa kwenye bawaba zake Alhamisi ile asubuhi, binti akiwa shule, kwa sababu nyumba nzima hapakuwa na mlango mwingine wa kipimo kile na mteja alikuwa amesimama karakana. Alijisemea atachonga mwingine kufikia Jumapili. Kisha oda zikaingia. Akatundika pazia la sebuleni, lile la maua, ambalo hupepea kila mtu anapopita kwenda bafuni, na wadogo zake binti hulipita bila hata hodi. Binti aliporudi aliuliza mara moja tu, Baba, mlango wangu? Akamjibu, nitakutengenezea mzuri zaidi. Na baada ya kulisema hilo, Randa alilihesabu kuwa ni kazi iliyokwisha.

— Nilijua ni mlango uliowahi kutumika, muuguzi aliendelea. Hilo halina neno. Lakini ya juu kabisa imeandikwa kumi na tano. Baada ya hapo ni mbao tupu.

Akateremsha sauti, akamsogelea. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ndugu wa wagonjwa kwenye korido.

— Nikajiuliza, mzazi gani ataachia mlango wenye alama hizo. Samahani, fundi. Kazini kwangu mambo haya nayaona. Huyu mtoto... yupo?

Redio alimtazama Gia Tano. Gia Tano alitazama barabara. Mama Birika alikifunga kitabu taratibu na kukiweka kwenye benchi, ubavuni mwa Randa.

Jibu lilikuwa neno moja, na Randa alikuwa nalo. Alifungua kinywa alitoe. Aibu ikamjia, aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu aanze kushika mbao, na badala ya neno yakatoka machozi, mbele ya watu, mchana kweupe, hapo hapo barabarani.

Muuguzi akamwekea mkono begani.

— Pole, alisema. Pole sana, baba.

Na Randa, ambaye binti yake alikuwa mzima wa afya darasani, hakumsahihisha. Aliipokea ile pole, kwa sababu aliona ni yake.