Itikieni kwa Chini, Yoeli Amelala

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Amina, lakini itikieni kwa chini, nawaomba, maana mnaona mnachokiona mgongoni kwangu. Huyu ni Yoeli, mwanangu wa pili, amesinzia sasa hivi wakati wa matangazo. Ndugu wa kinanda, usikiguse kwanza. Nina furaha ya kupiga kelele zikasikika mpaka Kitahana, na hapa nalazimika kunong'ona. Mnivumilie.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Baba Rehema, fundi cherehani, nashonea pale kibarazani sokoni, karibu na wauza maharage. Rehema ndiye yule pale mbele, ameshika Biblia yangu juu chini. Mama yao yuko Kasulu, anasomea ualimu. Tulikubaliana wote wawili aende. Yoeli alikuwa ameshaacha ziwa, na mimi nikasema kwa kifua kabisa, nenda mke wangu, watoto ni wangu pia, hiyo nayo ni kazi?

Ndugu zangu, ni kazi. Asubuhi unakoroga uji, huyu anataka kujisaidia, yule amevaa gauni nyuma mbele, uji nao unaungua. Unamwosha wa kwanza, wa pili anakwenda kukaa kwenye majivu. Unafika kibarazani jua limeshapanda, na mama aliyeleta sare za shule amekaa anakungoja, amenuna. Tulipata dada wa kazi, akaolewa. Tukapata mwingine, akakumbuka kwao. Basi nikawa naenda kazini na watoto wote wawili.

Rehema hana neno. Mpe vitambaa chakavu, atakaa navyo mpaka jioni. Lakini huyu Yoeli! Analia ukimweka chini, analia ukimpakata, na huwezi kupakata mtoto ukashona. Usingizi wa mchana aliukataa tangu siku mama yake alipopanda gari. Wateja wakaanza kuniambia, fundi, tutarudi akinyamaza.

Siku moja akanyamaza. Nikamshukuru Mungu, nikakanyaga pedali. Kumbe yuko chini ya cherehani, ananyoosha mkono kwenye mkanda wa gurudumu. Rehema ndiye aliyepiga yowe. Kidole kilichubuka tu, lakini mimi siku ile sikushona tena.

Habari zikafika Mabamba kwa dada yangu mkubwa, Skola. Mnawajua dada wakubwa. Akapiga simu, hata salamu hakuitaka. "Ewe mwana wa mama, hao watoto watakufia mikononi. Rehema namchukua mimi. Yoeli aende Munanila kwa mama. Jumatano nakuja." Nikasema sawa, dada.

Mmoja Mabamba, mwingine Munanila. Ndugu zangu, hawa watoto hulala kitanda kimoja, na Yoeli hasinzii mpaka ashike sikio la dada yake. Nikajiuliza, kule Munanila atashika sikio la nani? Mama yao sikumwambia. Angejua, angefunga vitabu siku ile ile akarudi. Nikabaki kuomba. Nilikuwa nasema, Bwana, niletee mtu. Mpaka nikamchagulia Mungu mtu mwenyewe: msichana mpole, anayejua kupika, asiye na mchumba.

Jumatano ikafika, na mtu hakuja. Nikakunja nguo za watoto, nikatia kwenye mifuko miwili, wa Rehema na wa Yoeli, nikaenda nayo kibarazani kumngoja dada. Nilikuwa na gauni la mteja la kumaliza. Yoeli analia kama kawaida. Naona Rehema anachakura kwenye mfuko wake, anavuta kitenge cha njano. Ni mbeleko ya mama yake, ile tunayoita ingobyi, iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango wetu. Aliitia mfukoni mwenyewe, mimi sikuona.

"Baba, inama," akasema. "Tumfunge."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Wanaume wenzangu, mnajua. Kwetu utambeba mtoto begani, utampakia kwenye baiskeli, hakuna atakayesema. Lakini mgongoni kwa kitenge? Utasemwa mpaka siku ya kuzikwa. Na jirani yangu wa cherehani ni Bosko. Mnacheka, mnaujua ulimi wake. Niliogopa, siwafichi. Kisha nikaiangalia ile mifuko miwili chini. Nikainama.

Rehema akamsukuma Yoeli juu kutoka nyuma, mimi nikafunga fundo kifuani. Bosko akasimamisha cherehani yake. "Karibu, Mama Yoeli! Umerudi lini kutoka Kasulu?" Kibaraza kizima kikaangua kicheko, mpaka wauza maharage. Masikio yakaniwaka moto. Nikainamia gauni, nikakanyaga pedali ili wasinione machozi.

Na hapo ndipo Bwana alipotenda. Ukikanyaga pedali, ndugu zangu, mwili wote unatikisika kidogo kidogo, na mgongo nao unatikisika. Miaka yote nimeshona, sikuwahi kulifikiria hilo. Yoeli akalia, akapunguza, akaguna. Kisha nikasikia kidole kinatambaa shingoni. Akashika sikio. Sikio langu! Akalala.

Nikashona mikono, nikashona shingo, nikapinda pindo. Kibaraza kikawa kimya, hata Bosko, maana walikuwa wamesahau kukaa pale bila kile kilio. Mimi nashona, nalia, nacheka, vyote pamoja.

Dada Skola akatokea, kitenge chake begani, tayari kubeba mtoto. Akasimama. "Mana yanje," akasema, Mungu wangu, akajikalia juu ya gunia la maharage la watu. Alicheka mpaka akatoa machozi, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Nani alikufundisha?"

"Rehema."

"Ndiyo maana umemfunga kama mzigo wa kuni. Geuka huku."

Akafungua, akafunga upya, chini ya makalio ya mtoto, akavuta kingo mpaka nikasikia uzito umekaa sawa. Akanywa chai. Halafu akainua ile mifuko miwili, nikajua watoto wanaondoka. Kumbe anakwenda nayo nyumbani kwangu. Akazirudisha nguo za watoto mahali pake, akapanda gari la Mabamba peke yake.

Ndugu zangu, nilikuwa namwomba Mungu anipe mtu, na jibu lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango wangu. Mchungaji alitufundisha hapa kwamba Mungu aliwabeba wana wa Israeli jangwani kama baba anavyombeba mtoto wake. Niliitikia amina bila kuelewa. Leo naelewa, na kiuno changu kinaelewa zaidi.

Sasa gauni halichelewi, wateja wamerudi, na mama yao atafunga chuo atukute wote watatu. Mama Yoeli bado wananiita, na ninaitika. Na Bosko, ambaye mke wake amejifungua, juzi aliniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumshonea mbeleko ya kiume, ya jinzi, isiyo na maua. Nimeshaikata.

Ndugu yangu unayeomba na huoni kitu, usimwache huyu Bwana. Mtegemee. Kisha nenda nyumbani, utazame nyuma ya mlango wako. Nanyi mliotuombea, na wewe dada Skola huko uliko, na Rehema mwanangu, Mungu awabariki.

Subirini kidogo. Sikio langu linavutwa. Yoeli? Ameamka, ndugu zangu, anawachekea. Ndugu wa kinanda, kamata kinanda chako. Wote tusimame, sasa hakuna kunong'ona tena. Bwana asifiwe!