Chini ya Michungwa Minne

Sogeeni, Ndunge na Musembi, mkae upande wa sikio langu zima, mniache niseme polepole mpaka mwisho, kwa maana maneno yangu siku hizi ni kama ukungu wa milima ya Kilungu, ukiyageukia yameshateremka bondeni.

Kwa miaka minane nimewaambia kwamba jirani yetu Munyao alisogeza mpaka ili atunyang'anye michungwa minne. Nilisema hivyo mbele ya chifu nikiwa nimeshika Biblia, nikapewa haki, nikang'oa makonge ya mpakani na kuyapanda juu zaidi mlimani, kupita michungwa, upande wake. Munyao alisema tu, "Musyimi, kichwa chako ni ghala lenye panya," watu wakacheka, nami nikaacha kumsalimu. Mama yenu alinikanya mara moja tu. Na siku ya kumzika, Munyao alipoinama na kofia mkononi achukue udongo amtupie, nilimzuia kwa sepetu yangu. Mliniona.

Juma lililopita simu ya mama yenu ilikataa kupiga picha, ikasema imejaa. Ndunge ukaanza kufuta, na sauti yake ikatoka, ile aliyokutumia wewe, Musembi, Mombasa, isikufikie: "Musembi, leo tumemaliza. Makonge tumeyapanda chini ya michungwa. Baba yako na Munyao wamekunywa uji katika kibuyu kimoja. Michungwa ni yake, usije ukaichuma ukidhani ni yetu." Akacheka, na nyuma yake kuku akalia. Kuku yule nilimkumbuka. Maneno yale sikuyakumbuka hata moja.

Daktari aliniambia kichwa si sanduku la kufuli. Kila ukitoa kumbukumbu unaishona kidogo kabla ya kuirudisha, na hujui kwamba umeshika sindano. Simu haina hasira, ilichopewa ndicho inachotoa. Mimi nilikuwa na hasira, na kila nilipokasirika makonge yalipanda hatua moja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu niliiamini kila hatua.

Tena hata sasa nikifumba macho nayaona kule juu, asubuhi yenye umande, Kavata, mama yenu, akiyashindilia kwa kisigino, kiondo chake chekundu begani. Ninaona vizuri kuliko ninavyowaona ninyi. Kwa hiyo msiniamini. Mwaminini mama yenu.

Musembi, kesho urudishe makonge chini, Munyao akiwa amesimama hapo, na machungwa ya msimu huu umpelekee yote. Ndunge, mshike Munyao mkono umfikishe kaburini kwa mama yako, atupe udongo wake. Siku yangu ikifika, wa kwanza kunitupia awe yeye, akikubali. Sauti ile msiifute. Nikiamka nikiuliza kwa nini Munyao anachuma machungwa yetu, msibishane nami. Niwekeeni Kavata aseme.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Bwana awalinde, syana syakwa, wanangu, mkitoka na mkiingia. Awape wajukuu, na mmoja aitwe Kavata. Asiwahesabie yale niliyo... Nani yuko pale shambani? Ana kiondo. Mwambieni makonge yako juu, juu ya... La. Chini. Ngojeni. Chini ya michungwa. Semeni nami, wanangu, nisiteleze. Chini.