Kidole Gumba Kina Moyo Wake

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na nyinyi wauguzi wapya mnaonitazama kupitia simu zenu: nawasalimu nyote.

Nastaafu leo, na nimeambiwa niage kwa maneno matamu. Utamu nitautoa wapi, nami naogopa?

Mwezi uliopita nilipanda kiti darasani kubandika mchoro wa moyo. Kiti kikateleza, nikajikuta sakafuni. Sisi watu wa lugha hii, hata mtu akijikwaa barabarani, asiyemjua humwambia "pole". Nilingoja pole. Nikasikia, "Sogea bwana, unanizibia!" Simu zilikuwa zimeinuliwa juu darasa zima, nami nikiuliza swali sijawahi kuona mikono mingi hivyo.

Simsemi mtu. Tena nampongeza mmoja wenu aliyepiga magoti akanishika kifundo cha mkono. Mkono mmoja simu, mkono mmoja mimi.

"Sabini na mbili, mwalimu! Uko sawa kabisa."

"Mwanangu, umepima kwa kidole gani?"

Akatazama. Gumba.

Wazazi, kidole gumba kina mapigo yake chenyewe, ndiyo maana tunapima kwa cha shahada na cha kati. Ukipima kwa gumba unaweza kuhesabu moyo wako, mgonjwa akakata roho huku unamwambia yuko sawa. Binti huyu analijua hilo. Kwenye mtihani hakukosa hata alama moja. Lakini macho yalikuwa kwenye kioo cha simu, na gumba, lililozoea kufanya kazi kutwa kucha, likatangulia.

Mnacheka? Haya, chekeni. Mfupa wa nyonga uliovunjika siku ile haukuunga, ndiyo maana nahutubia nimekaa. Jumatatu napasuliwa, katika hospitali ile ile mliyopangiwa kazi. Nitakuwa nimelala, nimelewa dawa, sina uwezo wa kumsahihisha mtu. Nikiishiwa pumzi, nani atainua macho? Nimewafundisha mimi mwenyewe, najua mnachokijua, na bado naogopa. Usingizi umenipaa, wanangu.

Zawadi mliyoninunulia nashukuru, ila ninayoitaka ni nyingine: mkifika kitandani kwangu simu ibaki kabatini, mnishike kwa vidole viwili, mhesabu dakika nzima. Na pole, jamani, msiisahau.

Asanteni kwa kunisikiliza, nyinyi mlionisikiliza. Na nyinyi mtakaonisikiliza baadaye kwenye simu, Mungu anijalie mnikute bado nipo.