Bi Jalada na Kitabu cha Sita

Ndugu waombolezaji, wakwe zetu, majirani, wenzake wa masjala, na ninyi wasomaji mliofika na vitabu vyake kwapani, familia inawashukuru kwa kuja, na inamwomba kila mmoja ajitafutie mahali pazuri pa kukaa, maana maisha ya dada yetu hayakuwa na mambo machache na yeye mwenyewe hakupenda kukatizwa. Anayewasomea ni mdogo wake, yule aliyemwachisha ziwa, kosa ambalo marehemu alikuwa akilikumbusha hadi mwezi uliopita.

Marehemu, aliyeitwa Bi Jalada kazini na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Aprili 1966 katika wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni, akiwa kifungua mimba kati ya watoto watano wa fundi wa karakana ya reli na mshonaji wa mashuka ya hospitali hiyohiyo. Alianza shule ya msingi Januari 1973, na akiwa darasa la nne aliambiwa aandike insha kuhusu likizo yake, akaandika kwamba kisima cha nyuma ya nyumba yetu kilimjibu salamu na kumuuliza habari za mama, mwalimu akampa sifuri kwa kusema uongo, kisha mwalimu huyohuyo akaenda kuwasomea walimu wenzake insha hiyo mara mbili. Alimaliza darasa la saba mwaka 1979, kidato cha nne mwaka 1983, na chuo cha ukarani mwaka 1985, akiwa wa tatu katika darasa lake, nafasi ambayo baba aliitangaza karakana nzima kana kwamba ni ya kwanza.

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa kuwa karani wa masjala ya mahakama, katika chumba kirefu chenye dirisha moja na rafu zinazofika darini, akafanya kazi humo kwa karibu miaka thelathini na minane bila kupoteza jalada hata moja la serikali. Humo ndimo alimokutana na mume wake, fundi redio, aliyefika kutafuta jalada la kesi ya uzio wa jirani, akaambiwa litachukua mwezi kuonekana, naye akawa anakuja kuuliza kila siku kwa mwezi mzima, na leo familia inakiri hadharani kwamba jalada lile lilionekana siku ya kwanza. Walifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1993, wakajaliwa binti mwaka 1994, ambaye ni mpima ardhi, na mwana wa kiume mwaka 1998, ambaye ni fundi wa lifti, aliyewasili jana akitokea mbali.

Sasa tuje kwenye vitabu, maana najua wengi wenu mmefuata hivyo. Marehemu alitunga mfululizo wa Chumvi Nyeusi, habari za nchi ambayo mito yake husema na mkunga mmoja huielewa, na alivitunga kikarani kabisa, kila mhusika akiwa na jalada lake lenye namba, na mhusika akifa jalada linafungwa kwa kamba nyekundu na kupandishwa juu ya kabati. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akakaa kwenye meza ya jikoni, akaandika kwa penseli nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika ofisini, ambazo aliziombea ruhusa kwa barua rasmi yenye nakala tatu, na ilipofika saa moja kasorobo aliacha hata kama sentensi haijaisha, kwa sababu alisema sentensi iliyoachwa njiani humwamsha mtu mapema kesho yake. Kisha alimsomea mume wake ukurasa huo akiwa ananyoa ndevu, na shemeji akiuliza halafu ikawaje, ukurasa umepona, lakini akisema nzuri sana mke wangu, ulichanwa papo hapo, na shemeji amekuja na kovu la wembe kidevuni kama ushahidi kwamba baadhi ya kurasa zilikuwa za hatari.

Wachapishaji watatu walimkatalia, mmoja akimshauri aandike mambo ya kweli kama ndoa na siasa, naye alisononeka, tusifichane, alisononeka wiki mbili hakugusa penseli, halafu akamwendea mchapaji wa kadi za harusi wa mtaa wa pili na kumuuliza kama mashine yake inaweza kuchapa kitu kinachodumu kuliko ndoa. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 2001, kikiuzwa kwenye duka la vifaa vya shule, kwenye saluni na kwenye duka la dawa, kikafuatwa na kingine mwaka 2005, na cha tatu mwaka 2009, ambacho ndicho kilichomtia aibu, kwa sababu jalada moja lilianguka nyuma ya kabati wakati wa kupaka rangi, na mhunzi aliyezikwa kwa heshima zote katika kitabu cha kwanza akaonekana ukurasa wa 88 wa kitabu cha tatu akipiga nyundo kwa afya njema. Wasomaji walikuja juu, wengine walimshauri aseme ni pacha wake, akakataa katakata, akaketi na mume wake sebuleni wakaandika kwa mkono vipande mia tatu vya karatasi vyenye maneno, samahani, huyu bwana alishakufa, kosa ni la karani, na kuvibandika nakala kwa nakala. Cha nne na cha tano vilitoka mwaka 2013 na 2018, na hapo ikabaki kazi moja tu, kitabu cha sita na cha mwisho, kilichokuwa na mji uliozingirwa wenye chakula cha siku tisa, na jeshi la kuuokoa likiwa njiani.

Desemba 2021 binti yake, ambaye tangu utotoni hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja, akidai kwamba mito aliyoipima yeye ilikuwa kimya, aliikuta ramani ya nchi ile nyuma ya kalenda, akachukua rula, akapima, akamwambia mama yake kwamba jeshi lile kwa mwendo wa miguu litafika siku ya thelathini na nane. Bi Jalada alipandwa na hasira, akamwambia hiyo ni hadithi, si hati ya kiwanja, binti akajibu kwamba mito kuongea yeye hana neno, lakini miguu ni miguu, na kwa kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka, hakuna aliyerudi nyuma, wakakaa wiki nzima wakisalimiana kupitia kwa shemeji. Tatizo ni kwamba marehemu alijua binti amesema kweli, na wasomaji walikuwa wanaijua ramani ile kwa moyo kutoka vitabu vitano, hivyo hakuweza kuisogeza milima, na kitabu kikakwama miaka mitatu.

Tarehe 20 Novemba 2023 madaktari waligundua kwamba figo zake zote mbili zimechoka, akastaafu mwezi uliofuata, na akaanza kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono mmoja ukiwa umefungwa kwenye mashine na mwingine ukitetemeka kiasi cha kutoshika penseli. Familia haitaficha kwamba hapo maji yalimfika shingoni, si kwa kuogopa kufa, bali kwa kuogopa kufa akiwaacha watu wale mjini na chakula cha siku tisa, na alilia kwa ajili yao mbele yetu, watu ambao hawapo. Binti yake alipoona machozi yale alibadilisha zamu zake kazini, akavisoma vitabu vyote vitano katika siku kumi na mbili, akaja na daftari, akaketi kando ya mashine na kusema, haya mama, sema niandike.

Walifanya kazi hivyo mwaka mzima, wakibishana mpaka wauguzi wakawatenga na wagonjwa wengine, halafu wagonjwa wengine wakaomba warudishwe karibu ili wasikose mtiririko. Machi mwaka huu, mama akiwa bado hajapata njia, binti aliuliza tu, bila kuinua uso, kwamba ikiwa msaada hauwezi kuwafikia, kwa nini watu wale wasitoke wakaufuate, usiku wa kwanza, kwa mlango wa maji, wakubwa wakibeba wadogo, chakula kingine wakikichuma njiani, wamwachie adui kuta tupu. Marehemu alicheka mpaka mashine ikapiga kengele, muuguzi akaja mbio, naye akamwambia hakuna tatizo, mwanangu, nimefunguliwa lango. Sura ya mwisho ilikamilika Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa tano asubuhi, katika kiti namba nne, na wagonjwa wote waliokuwa chumbani wakapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja, kwa kuwa ule mwingine haukuwa huru.

Siku tisa baadaye, Jumapili tarehe 15 Juni, saa mbili na dakika kumi asubuhi, alifariki dunia nyumbani, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mume wake akiwa ameshika mkono wake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, majirani waliotupikia na kutufulia bila kuombwa, wenzake wa masjala ambao leo wameifunga ofisi kwa mara ya kwanza, na mchapaji wa kadi za harusi, aliyesimamisha kadi za harusi tatu ili kitabu cha sita kitoke tarehe 30 Agosti.

Limebaki jambo moja, ambalo binti yake hajalisikia hadi dakika hii. Tarehe 11 Juni marehemu alimwandikia mchapaji barua rasmi, kwa mwandiko unaotetemeka, akiagiza kwamba jalada la mbele la kitabu cha sita liwe na majina mawili, yote kwa herufi za ukubwa mmoja, mama na binti, na akaongeza kwamba huyu ndiye aliyewatoa watu mjini, mimi nilikuwa nimewafungia.

Simama, mwanangu, watu wakuone.

Nawe dada, wote wametoka salama, hakuna uliyemwacha nyuma, pumzika kwa amani.