Mjomba Kabatini, Aliyetaka Kuigiza Mtu Aliye Hai

Ndugu waombolezaji, ukoo wenye wasomi wote hawa umenipa mimi, mpwa aliyeacha shule darasa la sita, nisome wasifu huu, maana vyeti wanavyo ila sauti hawana.

Marehemu mjomba wetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, kitinda mimba wa seremala na mkunga, akaanza shule mwaka 1968, na alipofika miaka tisa akachaguliwa kuigiza filamu ya kutisha, akiwa mzimu wa mtoto anayekaa kabatini, kazi aliyoifanya vizuri mno hadi watu wazima wakalala taa zikiwaka, na jina la Kabatini likamganda mpaka leo.

Alipobaleghe sauti ikawa nzito, watengenezaji filamu wakamsahau, akashika useremala wa baba yake, mwaka 1983 akafungua karakana, na tarehe 8 Novemba 1986 akamwoa mwalimu wa chekechea, ambaye alikuwa hajaiona filamu ile, na ndiyo sababu mjomba alimpenda, wakajaliwa mabinti wawili.

Lakini mashabiki hawakumwacha apumue, walikuja kuagiza makabati wasiyoyahitaji, kisha utasikia, "Mzee Kabatini, ingia kidogo tu, utoke na ule ukelele!", naye na goti lake bovu anaingia, anatoka, anawaambia, "Haya, mmeogopa, nendeni mkapike." Jioni alimwambia mkewe kwamba amechoka kuwa maiti, anatamani kabla hajafa aigize japo mara moja mtu aliye hai.

Machi mwaka jana figo zilianza kumsumbua, na Juni mwaka huu chama cha mashabiki, hao mnaowaona nyuma wamejipaka unga kama mizimu, na bila unga wangetisha vilevile, wakamwomba filamu fupi ya mwisho, akakubali kwa sharti moja, awe baba anayerudi kutoka kazini, avue viatu, anywe chai, basi.

"Sasa mzee, watu wataogopa nini?" mwenyekiti wao akalalamika.

"Wapumzike nao."

Tarehe 2 Agosti, sebuleni kwake, alivua viatu, akanywa chai, akapiga mwayo ambao hakuna aliyemwandikia, na wapenda mizimu wale wakatulia tuli, mwenyekiti akasahau kuzima kamera.

"Nimetisha?" mjomba akauliza.

"Hata kidogo, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa.

Alifariki tarehe 19 Septemba, usingizini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima viti, maseremala wenzake, na nyinyi wa unga, kwa ile chai.

Mjomba, pumzika kwa amani, kuchoka tuachie sisi.