Shamba Lililotangazwa Kufa

Itakumbukwa kwamba tarehe 14 Juni 1995 ofisi ya kilimo ilitamka rasmi, kwa barua yenye mihuri miwili, kuwa udongo wa shamba hili "umekufa na hautarajiwi kurejea". Aliyeandikiwa barua hiyo ni marehemu mama yetu, tunayemzika leo hapa hapa.

Alizaliwa tarehe 3 Septemba 1948, kifungua mimba wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la sita, akaacha ili kumuuguza mama yake. Kuanzia 1969 alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja.

Mwaka 1970 aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole kwa kila kitu isipokuwa udongo: mahindi kila msimu, mbolea ya gunia, mabua kutiwa kiberiti. Baba alifariki Agosti 1996. Kaburi lake, humu humu shambani, lilichimbwa siku mbili, likavunja mipini mitatu ya sururu, na bado jeneza lilikaa juu juu. Mama alitazama, akatuambia, "Mimi msije mkanizika kwenye zege kama baba yenu."

Wiki hiyo hiyo alianza kubeba maganda ya jikoni shuleni, ndoo moja kichwani kila jioni. Rundo la kwanza la mboji alilifunika kwa nailoni. Likakosa hewa, likanuka mtaa mzima. Jirani yetu, fundi baiskeli, alipiga hodi.

"Shemeji, umezika nani humo?"

"Nafasi bado ipo. Unaitaka?"

Rundo la pili lilipopungukiwa vitu vikavu, aliichanachana barua ya ofisi akaitia humo. Sisi tulibaki na nakala. Hakuchoma tena bua, hakuacha udongo uchi, alichanganya kunde na mahindi. Mwaka wa nne aliona mnyoo mmoja wa ardhini, akatuita wote tuje kumsalimia.

Saratani ya ini iligunduliwa Januari mwaka huu. Kitandani alimhoji mwanawe wa pili, anayesoma wasifu huu:

"Umeligeuza rundo?"

"Nimeligeuza, mama."

"Muongo. Lete mikono ninuse."

Alifariki Jumanne iliyopita, saa nane mchana, mikono ikiwa imeshanuswa na kukubaliwa.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na rundo linalotakiwa kugeuzwa Jumamosi. Mungu ampe pumziko la amani.

Wachimbaji walianza kaburi lake leo saa mbili asubuhi, wakamaliza kabla ya chai ya saa nne. Walilalamika jambo moja tu: kingo zilikuwa zinaporomoka.